Meza ya Dirishani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee Kisima alikuwa akiijua methali hiyo tangu utotoni, lakini siku binti yake alipoingia ndani mbio, simu mkononi, hakuwa na moyo wa kuitoa.

"Baba, nimepata! Profesa amenijibu!"

"Ulimwandikia lini?"

"Leo asubuhi."

Mzee akaweka kikombe chini. Jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Huyu alikuwa kitinda mimba wake, msichana mrefu mwenye maneno ya haraka kama ya marehemu mama yake. Alikuwa na shahada mbili tayari, za mambo ya maji ya chini ya ardhi, na alitaka ya tatu, ile ya udaktari usio na sindano. Mzee mwenyewe shule hakuiona. Maisha yake yote alichimba visima kwa sururu na ndoo, na ndiko lilikotoka jina la Kisima. Siku za mwanzo hakuwa na msaidizi, basi mkewe ndiye aliyekaa juu akishika kamba. Alikuwa mwembamba, lakini kamba haikuwahi kumponyoka. Sasa alikuwa amelala chini yeye, na mzee alikuwa juu, na kazi ya visima ilikuwa imekwisha.

Habari ya masomo ya binti aliielewa kwa taabu, mpaka alipoelezwa hivi: shahada ile huisomi peke yako. Lazima kwanza apatikane profesa mmoja, akubali kukusimamia, akupe meza katika maabara yake na posho kutoka katika utafiti wake. Ukimkosa huyo, hata uwe na akili za kumwaga, unabaki nje.

"Ni kama kungoja kuchumbiwa, baba," binti alimwambia kwa mzaha.

Mzee hakucheka. Aliona sasa amefahamu.

Na wachumba walikuwa wagumu. Binti aliwaandikia maprofesa wengi. Mmoja alisema njoo mwakani, na mwakani akasema njoo mwakani. Mwingine alisema hana fungu. Waliobaki walikaa kimya cha kaburi. Fundi viatu wa pale mlangoni, jirani yao, hakuacha kumchokoza mzee.

"Baba alizama visimani, binti anataka kuzama vitabuni. Atasoma mpaka lini huyu? Mpaka vitabu vimwombe samahani?"

"Wewe shona viatu."

"Nashona, mzee mwenzangu. Lakini viatu vina mwisho."

Basi jibu la profesa huyu liliingia ndani ya nyumba ile kama mvua. Binti alikuwa akizunguka chumba kizima, akicheka peke yake. Mzee akamwuliza, "Mbona huyu hukumwandikia mapema?"

Binti akasita. "Wenzangu waliniambia nimwache. Nafasi yake hutangazwa kila mara, ikajaa, ikatangazwa tena. Wivu tu, baba. Ana vyombo ambavyo wengine hawana."

"Nyumba isiyokaa wapangaji, mwanangu, kuna kitu ndani yake."

"Baba, usianze."

Hakuanza. Lakini Ijumaa, siku ya kuonana na Profesa, alivaa shati lake la mazishi, ambalo ndilo lililokuwa zuri, akasema, "Nitakusindikiza. Mama yako angekuwepo angekwenda yeye."

Idara ilikuwa katika ghorofa ya juu kabisa. Walipanda ngazi, wakaingia kwenye ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili. Hapakuwa na sauti ila mafriji, yamepangwa ukutani, yakinguruma pamoja. Yalikuwa na milango ya kioo. Ndani mlikuwa na chupa za maji, chupa kwa mamia, kila moja na utepe wenye jina la mtu. Mzee hakujua kusoma, lakini aliona kwamba tepe zilikuwa za rangi mbalimbali, na kwamba zile za chini kabisa zilikuwa zimekwisha kupauka.

"Hizi za nani?"

"Za waliotangulia," binti alisema. "Sampuli zao."

"Mbona hawakuondoka nazo?"

Mlango ukafunguliwa. Profesa alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye mikono laini na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Alimpa mzee shikamoo kwa mikono miwili. Kiti alikifuta vumbi yeye mwenyewe.

"Mzee wangu, umeniheshimu. Wazazi wa siku hizi hawajui hata watoto wao wanasoma nini."

Vyeti vya binti hakuvitazama. Hakuuliza habari za maji wala za ardhi. Aliuliza mengine, taratibu, akitabasamu. Unaishi na nani? Umeolewa? Una mtoto? Una ndugu wa karibu? Mama yupo? Aliposikia kwamba mama amefariki na kaka zake wako mbali, amebaki na baba tu, alitikisa kichwa kwa huruma. Na mzee, aliyekuwa akimtazama usoni, aliona macho yake yametulia, kama mtu aliyetua mzigo.

"Pole sana, mwanangu. Basi hapa ni nyumbani. Meza yako ile pale."

Ilikuwa karibu na dirisha, meza nzuri yenye mwanga. Juu yake palikuwa na kikombe chenye majani ya chai yaliyokaukia ndani. Mgongoni mwa kiti palining'inia sweta la kike, la rangi ya kijani.

"Ya nani hii?" mzee akauliza.

"Mwenzetu mmoja alichoka kidogo. Amepumzika."

Katika kazi ya visima kuna jambo moja ambalo mtu halipuuzi. Shimo la zamani hulishukii hivihivi. Unateremsha taa kwanza, kwa kamba, unaitazama. Taa ikizimika, hewa ya huko chini ni mbaya, na anayeshuka hapandi. Na kama huna taa, unauliza: nani alishuka kabla yangu, na alipanda? Mzee Kisima alikuwa ameyaishi hayo. Tena alikuwa ameozesha mabinti wa ndugu zake wawili, na huko nako mtu haachi kuuliza. Akakohoa, akakaa vizuri.

"Profesa, mwanangu. Waliopita mikononi mwako wako wapi?"

"Baba!" binti akanong'ona.

Profesa akacheka. "Mwache aulize, ni haki yake. Wametapakaa dunia nzima, mzee wangu."

"Nitajie mmoja wa karibu. Nikamsalimu."

"Wa karibu? Huyu hapa." Akaita, "Kijana!"

Akatokea mtu mwenye koti jeupe. Kichwa chake kilikuwa na mvi pande zote mbili, na utosini hakikuwa na kitu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Kijana anamalizia shahada yake. Bado kidogo tu. Siyo, Kijana?"

"Bado kidogo, Profesa."

"Basi binti aanze Jumatatu. Tumekubaliana?"

Binti alifungua mdomo, lakini mzee alikuwa amekwisha kuinua mkono, kama alivyofanya kwa washenga wa watoto wa ndugu zake. "Neno tumelisikia. Tutashauriana, jibu tutalileta."

Binti akainamisha uso kwa aibu. Profesa akacheka tena, lakini safari hii macho yake hayakucheka. "Vizuri. Jumatatu asubuhi, basi. Nafasi hii wanaitaka wengi."

Mzee akaomba kuonyeshwa choo, na Kijana akatumwa ampeleke. Walipofika mwisho wa ukumbi, Kijana akasimama, akatazama nyuma.

"Mzee, mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia kitu, mwanangu."

"Kuingia hapa ni siku moja. Kutoka ndiko sijakuona. Ukikaribia kumaliza anakwambia bado kidogo, ongeza sampuli. Ukiongeza, anabadilisha swali. Ulikuwa unatafuta chumvi, sasa tafuta madini ya risasi. Na yale ya chumvi anayaandika yeye, kwa jina lake."

"Na wewe unakaa tu?"

Kijana akajipapasa utosi. Akacheka cheko fupi, la aibu. "Nikiondoka leo, miaka yangu yote hii nilikuwa nafanya nini? Kila nikiuliza hivyo, najikuta nimefika kazini."

"Mwenye sweta yuko wapi?"

Kijana akatazama tena nyuma. "Kituo cha mwisho cha basi. Uliza mama anayeuza mkaa. Ni bintiye. Lakini sikiliza, mzee. Nenda ukamwone kwa macho, kisha uondoke. Habari za hapa usimtajie. Hata moja."

Walipofika mlangoni kwao, binti akamgeukia baba yake.

"Umeniaibisha, baba. Umekwenda kama unaniozesha."

"Sasa si ulisema ni kama uchumba?"

"Ulikuwa mzaha!"

"Mimi sikuona mzaha pale. Yule mtu anaitwa Kijana na ana mvi kunizidi."

"Kijana ni mvivu. Kila idara ina mmoja." Akavua viatu, akavitupa pembeni. "Unajua wenye nafasi kama hii ni wangapi? Ukinikatalia, nitakaa hapa na wewe, tutazeeka tukitazamana. Mama angekuwa ameshanipigia pasi nguo za Jumatatu."

Hilo la mama lilimwingia mzee mahali palipokuwa bado pabichi. Akaenda kulala. Alilala upande wake wa kitanda, ule ule wa siku zote, ingawa sasa kitanda chote kilikuwa chake.

Jumamosi alipanda basi mpaka kituo cha mwisho. Mama Mkaa hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kibanda cha mkaa. Uani, juu ya kigoda, alikaa msichana wa rika la binti yake, akijaza mkaa kwenye makopo. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akiimba kidogokidogo, kwa pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa mzima. Alikuwa na mwili, na meno yake yalionekana alipotabasamu. Mzee akaona moyo wake umepoa. Hapo ndipo angegeuka akaondoka. Lakini aliletewa kiti, akaletewa maji, na mtu mzima hanywi maji ya watu akaondoka bila kusema kilichomleta.

Mama Mkaa alikaa karibu naye, akasema kwa sauti ya chini. "Unamwona anavyoimba? Alipotoka huko chuoni hakuwa akilala. Alikuwa anapima maji ya ndoo zangu, anaandika hesabu ukutani kwa mkaa. Ukuta mzima, mzee. Nikapaka chokaa. Akaandika tena. Nikapaka tena. Sasa ameacha. Juzi alicheka, nikaenda chumbani nikalia." Akajifuta. "Haya, na wewe umekuja na neno gani?"

Mzee hakujua kusema uongo. Hiyo kazi alikuwa akimwachia mkewe, hasa kwa wadai.

"Nina binti. Amepata nafasi kwa Profesa yule yule. Amepewa meza ya dirishani. Nimekuja kuuliza kama nimwache aende."

Kopo likaacha kugonga.

"Meza yangu?" msichana akasema.

"Ingia ndani," mama yake akamwambia.

"Mzee, imetangazwa? Anachukua watu?" Alikuwa amesimama. Mkaa ulimwagika miguuni pake, naye akaukanyaga bila kuuona. "Alisema nikirudi atanipokea. Alisema bado kidogo. Nilikuwa nimebakiza visima vichache tu, mama. Vichache tu. Ameanza, huyo binti yako? Ameshagusa chupa zangu?"

"Bado, mwanangu. Jibu ni Jumatatu."

"Jumatatu," akasema yule msichana, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Akaingia ndani. Wakasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni.

Mama Mkaa hakupiga kelele. Alichukua gilasi ya maji mkononi mwa mzee, akaimwaga chini.

"Ondoka."

"Mama, sikujua..."

"Ulijua. Kama hukujua, ungekuja kuuliza nini?"

Mzee alirudi nyumbani akamweleza binti yake nusu. Alisema ameonana na mwenye sweta, kwamba alikuwa ameugua kichwa, kwamba alikuwa akiandika ukutani. Ya Jumatatu hakuyasema. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akipiga pasi blauzi.

"Kila mtu huumwa, baba."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Nitavunjika guu, najua. Usinipe methali." Akaweka pasi chini. Sauti yake ikalegea. "Nimeandika barua kwa kila mtu. Nimekubaliwa na mmoja. Unafikiri mimi sioni? Naona. Lakini mimi si yule msichana, wala si Kijana. Mimi nitaingia, nitamaliza, nitatoka."

"Wote walisema hivyo."

"Ruhusa sikuombi. Nakuomba baraka."

Jumapili nzima mzee hakumpa. Alikaa mlangoni na fundi viatu, ambaye siku hiyo hakumtania. Jioni alisema neno moja tu, "Nitakusindikiza," na binti akalichukua hilo kuwa ndiyo. Yeye mwenyewe hakujua kama ilikuwa ndiyo au la.

Jumatatu walifika mapema, lakini kuna aliyewatangulia. Kwenye ngazi, chini kabisa, alikaa Mama Mkaa, amejifunika khanga kichwani, mikono imelala mapajani kama si yake. Mzee alimsalimu. Hakuitika.

"Nani yule, baba?" binti akauliza.

Mzee akaendelea kupanda.

Juu, Kijana alikuwa akihamisha chupa kutoka friji moja kwenda jingine. Alipomwona mzee aliacha kazi, akamtazama, kisha akageukia chupa zake. Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Kwenye meza ya dirishani alikaa yule msichana wa mkaa, amevaa nguo nzuri, nywele amezisuka upya. Alikuwa akiandika. Hakuinua kichwa walipoingia. Mikono alikuwa ameisugua sana, ngozi imechubuka, lakini weusi ulikuwa bado umebaki kwenye kucha.

"Ah, mzee wangu!" Profesa aliinuka. "Poleni. Mwenye meza amerudi. Nimemkuta hapa mlangoni kabla hata mlinzi hajafungua. Mtu haachi kwake, siyo?"

Binti alisimama kama aliyepigwa kofi. "Lakini, Profesa, ulisema Jumatatu."

"Nilisema. Baba yako akataka mshauriane." Sauti ilikuwa laini, haikuwa na lawama. "Na kumbe baba ndiye aliyemwambia kwamba nafasi iko wazi. Amenisaidia sana."

Binti akamgeukia baba yake. Macho yale mzee hakuwahi kuyaona tangu alipomzaa.

Na moyoni mwake mzee alisikia nafuu. Ilimjia yenyewe, bila kuitwa. Wake amepona. Kisha akauona mgongo wa yule mtoto wa watu, umeinama, kalamu inakwenda, na nafuu ile ikageuka aibu.

"Usikate tamaa, mwanangu," Profesa alimwambia binti. "Usiende mbali. Kwangu nafasi hazikawii kutoka." Naye akautupia jicho mgongo ule ule, kama mtu anayetazama kipande cha sabuni, akikisia kitaisha lini.

"Nitasubiri, Profesa," binti akasema.

"Twende," mzee akamwambia.

"Nakuja."

Mzee alitoka, akapita mafriji, akaanza kushuka ngazi. Aliwaza namna atakavyomweleza njiani, na kama atamsamehe, na kwamba hata asipomsamehe atakuwa nyumbani, hai, akitupa viatu. Alipofika chini, Mama Mkaa aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Wangu umemwacha juu," akasema. "Wako yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu."

Yule mama akatazama ngazi, akamtazama mzee, na sauti yake haikuwa ya hasira tena.

"Nyuma yako hakuna mtu, mzee."

Huko juu mlango ulifungwa, taratibu. Mzee Kisima akageuka, akaanza kupanda.